Mtoto wa miezi minne na macho yake mawili: niliyoyaona siku za kupima uzito, Kadutu

#1 Muuguzi wa Kadutu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Bukavu, na ninyi mnaosoma kutoka Goma na Uvira, salaam.

Kila wiki hupita mikononi mwangu watoto wachanga wanaoletwa kupimwa uzito na kuchanjwa. Mama zao huniuliza kuhusu kikohozi, kuhara, vipele na kitovu, lakini ni nadra mama kuniuliza kama mtoto anaona. Macho yakiwa wazi na yanang'aa, tunahesabu kwamba hilo limekwisha.

Mwaka jana nilimpakata mtoto wa miezi saba wakati mama yake akifungua fundo la kikwembe kutafuta kadi ya chanjo. Mtoto alikuwa ameshika mpira wa stetoskopu yangu na kuutafuna. Kwa mchezo tu nikamziba jicho la kulia kwa kiganja, akaendelea kutafuna. Nikamziba la kushoto: akarusha kichwa nyuma, akausukuma mkono wangu, akalia. Nilirudia mara tatu, na mara tatu ikawa vilevile. Jicho lisiloona ukiliziba mtoto hana habari, ila ukimziba lile analoliona nalo, umemzimia taa. Nilipommulika kwa tochi niliona ukungu mweupe ndani ya mboni ya kulia, yaani kile tunachokiita mtoto wa jicho, jina ambalo siku hiyo lilinichoma kwa sababu mwenye nalo alikuwa mtoto kweli. Miezi saba yote hakuna aliyekuwa ameligundua, nami nikiwemo, kwa maana alikuwa amepita kwangu mara tatu au nne.

Tangu hapo nimesoma na kuwauliza wanaojua, na ningependa kueleza nilichoelewa, kwanza kuhusu jicho moja, kisha kuhusu mawili, maana si jambo moja.

Jicho la mtoto anapozaliwa lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, ilhali la mtu mzima lina milimita 23 au 24. Katikati ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, pana kishimo kidogo tunachokitumia kusoma, kutambua sura za watu na kuchagua mawe katika maharage. Kwa mtoto mchanga kishimo hicho hakijakomaa. Seli zake ni fupi na nene, zimeachana, na zitaendelea kurefuka na kusogeleana hata baada ya mtoto kutimiza miaka minne. Kwa hiyo anachokitambua mtoto mchanga akiwa umbali wa mita 6, mtu mzima angekitambua akiwa mbali mita 120 au hata zaidi. Anaona uso wa mama anayemnyonyesha, mpaka wa nywele na paji la uso, macho na mdomo vikiwa kama madoa yanayosogea. Mlima ulio ng'ambo ya ziwa haupo kwake.

Mtu atauliza mtoto asiyesema amepimwaje. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alionyesha kwamba mtoto mchanga akiwekewa vitu viwili, kimoja chenye michoro na kingine kitupu, hukitazama kwa muda mrefu zaidi kile chenye michoro. Watafiti waliomfuata, akiwemo Davida Teller, waliligeuza jambo hilo kuwa kipimo: kadi ya kijivu yenye mistari myeusi na myeupe upande mmoja tu. Mistari hupunguzwa unene kadi baada ya kadi, na pale mtoto anapoacha kuchagua upande, ndipo ukomo wake ulipo. Kwa kipimo hicho mtoto wa miezi 6 amekwisha kufika mahali ambapo cha mita 6 kwake ni sawa na cha mita 30 kwetu. Kuna kilichobaki, lakini ameruka hatua kubwa kuliko atakayoiruka tena maishani.

#2 Muuguzi wa Kadutu

Naendelea na macho mawili.

Nyoosha mikono, shika kalamu kwa mkono mmoja na kifuniko chake kwa mwingine, fumba jicho moja, kisha jaribu kuifunika kalamu. Halafu rudia ukiwa umefumbua yote. Tofauti unayoisikia mikononi ndiyo iliyomshughulisha Charles Wheatstone, Mwingereza aliyeeleza mwaka 1838 kwamba kila jicho hupata picha yake iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, na kwamba ubongo huitumia tofauti hiyo kupima kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Alitengeneza kifaa chenye vioo kilicholipa kila jicho mchoro wake, na michoro miwili bapa ikaonekana kama kitu kilichosimama hewani.

Mtoto hazaliwi na uwezo huu. Macho ya mtoto wa miezi miwili ni kama majirani wawili wanaochungulia uwanja mmoja, kila mmoja kwa dirisha lake, bila kupashana habari. Kisha, baina ya mwezi wa tatu na wa tano, mara nyingi karibu na mwezi wa nne, jambo linafunguka. Mnamo 1980 makundi mbalimbali ya watafiti nchini Marekani yalilipima kwa njia tofauti na kukuta umri uleule. Wengine walitumia picha za vitone zilizobuniwa na Béla Julesz, ambazo kwa jicho moja ni vumbi tupu, na umbo hutokea pale tu ubongo unapolinganisha macho mawili. Mtoto wa miezi miwili huona vumbi. Wa miezi mitano hulifuata umbo likisogea.

Kilichonishangaza ni kasi. Ukali wa jicho moja, yaani uwezo wake wa kutambua vitu vidogo, hupanda polepole kwa miaka, lakini uwezo wa kulinganisha macho mawili ukishaanza, ndani ya wiki chache mtoto hutoka kwenye tofauti kubwa za picha hadi kutambua tofauti ya sehemu moja ya sitini ya digrii moja ya pembe. Jicho haliwezi kukua hivyo kwa wiki chache. Kinachobadilika kiko kisogoni, katika sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho, ambako nyuzi za kulia na za kushoto hukutana kwenye seli moja.

Kuna dalili nyingine ya ajabu. Mzibe jicho moja mtoto wa mwezi mmoja, kisha mpitishie mbele ya uso kitambaa cha mistari. Mistari inayotoka upande wa sikio kwenda upande wa pua ataifuata vizuri. Inayotoka puani kwenda sikioni itampotea. Miezi inavyokwenda, kufikia wa tano au wa sita, pande zote mbili huwa sawa. Kwa mtoto ambaye macho yake hayakushirikiana tangu mwanzo, upogo huo hubaki hata utu uzima. Maana yake ni kwamba hata namna jicho moja linavyofuata kitu inategemea kama lilikua na mwenzake.

#3 Mama wa Bagira

Mama Muuguzi, asante kwa maelezo, ila umenitia hofu. Mwanangu ana wiki kumi, na jioni akichoka jicho moja hukimbilia pembeni, kisha hurudi. Zaidi ya hapo, dada yangu ana binti wa miezi sita ambaye jicho lake la kushoto linaingia upande wa pua asubuhi hadi usiku. Bibi anasema ni uzuri wa ukoo, hata yeye alikuwa nalo utotoni na likaondoka lenyewe.

#4 Muuguzi wa Kadutu

Mama, hao ni watoto wawili wenye majibu mawili.

Wa kwako, kwa wiki kumi, bado yuko katika kipindi ambacho macho hupotezana mara kwa mara kisha yakakutana, na wengi huwa hivyo katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Mwangalie tena atakapotimiza miezi minne. Kama bado jicho linatoroka, au likianza kutoroka muda wote hata kabla ya hapo, mlete.

Binti wa dada yako ni habari nyingine. Jicho linaloingia ndani muda wote kwa mtoto aliyepita miezi minne halisubiriwi. Nakubali kwamba wapo watoto wanaoonekana wana makengeza na hawana: daraja la pua bado ni pana, ngozi ya kona ya ndani imefunika sehemu ya weupe wa jicho, basi anapogeuza uso jicho linaonekana kama limeingia. Kuwatofautisha, subiri umeme ukatike, jambo ambalo hapa kwetu halihitaji subira kubwa. Simama mbele ya mtoto kama urefu wa mkono, mulika tochi ya simu usoni mwake kwa sekunde chache akikutazama, uangalie kitone cha mwanga kinachong'aa juu ya kila jicho. Kikiwa mahali palepale katika mboni zote mbili, macho yamenyooka, hata kama sura yadanganya. Kikiwa katikati kwa jicho moja na pembeni kwa jingine, hayo ni makengeza.

Kuhusu uzuri wa ukoo, wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Bibi namheshimu, na inawezekana kwamba lake lilikuwa pua pana tu. Lakini makengeza ya kweli hufuata ukoo, kwa hiyo maneno yake yananipa sababu ya kuharakisha zaidi.

#5 Fundi cherehani wa Nyawera

Nimesoma kimya hadi hapa. Nina miaka 41. Jicho langu la kushoto halina kidonda wala ukungu, na wataalamu wawili kwa nyakati tofauti waliniambia jicho lenyewe ni zima. Nimepewa miwani, lakini nikifumba la kulia herufi za ukutani husongamana kama abiria mlangoni mwa basi. Utotoni nilikuwa na kengeza, na nyumbani hawakuona la kufanya. Uzi (wa kweli, si huu) naupitisha kwenye sindano kwa kugusa kwanza bamba la cherehani kwa ncha yake kisha napanda nayo, maana nikilenga moja kwa moja napita mbele au nyuma ya tundu. Swali langu: jicho likiwa zima, kilichoharibika ni nini?

#6 Muuguzi wa Kadutu

Papa Fundi, swali lako ndilo lililowapa watu wawili tuzo ya Nobel mwaka 1981. David Hubel na Torsten Wiesel walifanya kazi Marekani kwa paka. Mwaka 1963 walichapisha matokeo ya kushona kope za jicho moja la paka mchanga kwa miezi michache ya mwanzo. Walipozifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, retina ikiitikia mwanga kama kawaida, lakini kule nyuma ya ubongo karibu kila seli ilikuwa inaisikiliza habari ya jicho jingine tu. Paka aliyekomaa akishonwa jicho kwa muda kama huo, hakuna kinachobadilika. Baadaye waliwashona wengine macho yote mawili, na hasara kwa kila jicho ikawa ndogo kuliko walivyotarajia. Kwa hiyo giza peke yake halielezi yote: macho mawili hugombea nafasi moja ubongoni, na linalokaa kimya katika miezi hiyo hunyang'anywa na mwenzake.

Kisha walifanya lililo karibu zaidi na kisa chako. Mwaka 1965 waliripoti kuhusu paka wachanga waliokatwa msuli mmoja wa jicho ili wapate makengeza. Macho yote yalikuwa wazi na yalipata mwanga, lakini seli zinazosikiliza macho yote mawili zilipungua sana, kwa kuwa picha mbili hazikuwahi kulingana. Kwa binadamu mwenye kengeza la upande mmoja huongezeka jambo jingine: ubongo, ili usione vitu viwili viwili, huzima habari ya jicho lililopotoka, na mazoea hayo huishia kuwa jicho vivu, ambalo madaktari huliita ambliopia. Miwani hurekebisha picha inayofika kwenye retina, nayo picha yako haikuwa na kasoro.

Hata hivyo usijione kwamba unaishi katika dunia bapa. Uwezo wa kuona kina una milango mingi, nayo hufunguka kwa zamu. Tayari katika mwezi wa pili mtoto hupepesa kope kitu kikimjia usoni, na hilo linawezekana kwa jicho moja. Mwezi wa nne unafungua ule wa macho mawili. Baina ya mwezi wa tano na wa saba anaanza kusoma dalili zilizo katika picha yenyewe, kama kitu kinachofunika kingine, kivuli, au ukubwa wa kitu anachokijua. Zote hizo ni mali ya jicho moja. Eleanor Gibson na Richard Walk wa Cornell waliripoti mwaka 1960 kuhusu watoto 36 wa miezi 6 hadi 14 waliowekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kuwa na shimo upande mmoja. Kati ya 27 waliotoka katikati ya meza, ni 3 tu waliothubutu kutambaa juu ya upande wenye shimo, huku mama zao wakiwaita.

Pengo linaonekana mikononi. Mtoto wa miezi mitano akiwekewa vitu viwili, kimoja karibu kidogo kuliko kingine, akiwa na macho yote wazi mkono wake huenda kwa kilicho karibu mara nyingi sana; akizibwa jicho moja, hukosea zaidi. Ndilo tundu lako la sindano, na nyie mafundi mmelipatia dawa kwa kugusa bamba.

#7 Mwalimu wa Ibanda

Natoa pingamizi kwa heshima. Paka si mtu, na Papa Fundi ni mmoja. Je, kuna ushahidi kwa watoto wa binadamu kwamba miezi hii ina uzito huo, au tunawatisha wazazi ambao tayari wana mizigo ya kutosha?

#8 Muuguzi wa Kadutu

Mwalimu, ushahidi umetoka kwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho. Kwao ugonjwa wenyewe ndio ulioshona kope, na siku ya upasuaji ndiyo siku ya kufungua, kwa hiyo madaktari waliweza kulinganisha waliofunguliwa mapema na waliochelewa. Kwa mtoto wa jicho mzito wa upande mmoja, hupendelea upasuaji ufanyike kabla au karibu na wiki ya 6. Kwa macho yote mawili, wiki ya 8 hadi ya 10 bado huleta matokeo mazuri. Tazama tofauti hiyo. Mwenye ugonjwa machoni mote ana muda zaidi kidogo kuliko mwenye jicho moja zima, kwa sababu jicho zima halimngojei mgonjwa. Ni ule ugomvi wa macho mawili tuliouona kwa paka, safari hii kwa binadamu.

Mtoto wa miezi saba niliyemtaja mwanzoni alipasuliwa, akapewa miwani yenye lenzi nene, na jicho lake la kushoto huzibwa kila siku kwa saa alizopangiwa. Kwa la kulia anaona mwanga, anafuata kikombe chekundu. Litakuwa jicho la akiba.

Kuziba jicho zima ili vivu lifanye kazi si uzushi wa juzi. Buffon, Mfaransa tunayemjua zaidi kwa vitabu vya wanyama, alilipendekeza mwaka 1743. Majaribio ya karne hii nchini Marekani yalionyesha kwamba kwa watoto wenye jicho vivu la kadiri, saa 2 kwa siku zinaweza kufaa sawa na saa 6, na kwamba baadhi ya watoto waliopita miaka 7 bado hupata nafuu, kwa hiyo mlango wa ukali wa jicho hufungwa polepole. Mlango wa kushirikiana kwa macho mawili ni mwembamba zaidi. Makengeza ya utotoni yakinyooshwa mapema kuna matumaini ya kupata kina, yakicheleweshwa mara nyingi hupatikana sura iliyonyooka tu. Nakusihi, mzazi asianze kuziba kwa uamuzi wake, kwa kuwa jicho zima la mtoto mchanga likizibwa kupita kiasi laweza kugeuka kuwa vivu.

#9 Mzee wa Panzi

Kwetu tuliambiwa kitu kikining'inizwa karibu na uso wa mtoto kitamletea makengeza, na maziwa ya mama yakidondoshwa jichoni huliponya. Mnasemaje?

#10 Muuguzi wa Kadutu

Mzee wangu, kitu kilichoning'inizwa hakileti makengeza. Kutazama cha karibu kwa macho mawili ni kazi ambayo mtoto lazima ajifunze. Maziwa yaende tumboni. Hayanyooshi msuli wala hayaondoi ukungu, na majani yanayokamuliwa jichoni yamewahi kuharibu konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, za watoto ambao walikuwa na uwekundu tu.

#11 Mama wa Bagira

Nimetoka kwa dada yangu sasa hivi. Tulisubiri mtoto ashibe, nikampa kijiko achezee. Nilipomziba jicho la kushoto aliendelea kukigonga chini. Nilipomziba la kulia alinyamaza, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaung'ata mkono wangu. Kwa tochi, kitone cha kulia kiko katikati, cha kushoto kiko ukingoni, upande wa nje. Dada amekubali tushuke mjini kesho alfajiri. Bibi anasema atakuja pia.

#12 Muuguzi wa Kadutu

Mwache bibi aje, ataulizwa habari za ukoo. Mfike mtoto akiwa amekwisha kulala usingizi wake wa asubuhi na ameshiba, kwa sababu atadondoshewa dawa ya kupanua mboni na itabidi atulie akimulikwa. Chukueni picha zake zote zilizo katika simu, tangu za siku ya kuzaliwa, hasa zile za kumulika usiku. Daktari atatafuta ndani yake ni mwezi gani jicho lilianza kuingia, na kama ule wekundu unaotokea ndani ya mboni uko sawa pande zote mbili. Akiandikiwa miwani, msishangae kwa umri wake. Kuna kamba laini ya kuifungia nyuma ya kichwa, na kama hamkuipata mjini, Papa Fundi wa Nyawera yuko hapa hapa kwenye uzi.